Kilomita 5 au Kilomita 10: Mbio Gani Zinamfaa Anayekimbia Barabarani kwa Mara ya Kwanza

Mtu mzima anayeamua kushiriki mbio za barabarani kwa mara ya kwanza, iwe Dar es Salaam, Dodoma, Mombasa au Nairobi, hukutana na uamuzi mgumu hata kabla hajanunua viatu, kwa sababu fomu ya kujiandikisha inamtaka achague umbali. Mbio nyingi za miji yetu hutoa kilomita 5, 10, 21 na 42, na kwa kuwa mbili za mwisho si za mtu ambaye hajawahi kuvaa namba kifuani, uchaguzi wa kweli unabaki kati ya 5 na 10. Wengi hufuata tu walichochagua wafanyakazi wenzao, au huchukua 10 kwa kuona kwamba 5 ni za watoto, au huchukua 5 kwa woga hali miguu yao ilikwisha kuzoea zaidi ya hapo.

Maoni yangu nayaweka wazi mapema ili msomaji ayapime anapoendelea. Ambaye kwa sasa hakimbii kabisa aanze na kilomita 5, hata kama ni mwembamba, kijana na mwenye pumzi nzuri. Aliyekwisha kuzoea kukimbia nusu saa bila kusimama, mara tatu kwa wiki, kwa miezi miwili au zaidi, aende kwenye 10 bila kupitia 5, kwa sababu atajifunza mengi zaidi huko, na kwa namna ambayo wengi hawaitarajii, kifua chake kitasumbuka kidogo kuliko katika mbio fupi.

Pumzi huja mapema, miguu huchelewa

Tofauti kubwa kati ya umbali huu na ule haiko kifuani, iko kuanzia kiunoni kwenda chini. Mtu anapoanza mazoezi, moyo na mapafu huitikia ndani ya wiki chache, kiasi kwamba mlima mdogo wa mtaani uliomtoa jasho wiki ya kwanza unakuwa mwepesi wiki ya tano. Mifupa, na hasa kano zinazounganisha misuli na mifupa, haziendi kwa kasi hiyo. Zinahitaji miezi ili ziwe imara kwa kazi mpya. Kwa hiyo kuna kipindi, kwa kawaida kati ya wiki ya nne na ya nane, ambapo pumzi inamwambia mkimbiaji mpya aongeze na miguu yake bado haijawa tayari, na hapo ndipo yanapoanza maumivu ya muundi, ya kano ya kisigino na ya magoti ambayo huwatoa watu wengi kabla ya siku ya mbio.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Mkimbiaji anayetumia dakika 7 kwa kilomita moja na kupiga hatua 160 kwa dakika anakanyaga chini mara 1,120 katika kila kilomita, yaani mara 5,600 katika kilomita 5 na mara 11,200 katika kilomita 10, na kila hatua ya kukimbia huuteremshia mguu mzigo unaofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 80 hahitaji kuambiwa zaidi. Maandalizi ya kilomita 10 humlazimu arudie mzigo huo wiki baada ya wiki, tena mara nyingi juu ya lami, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba kinachotakiwa kuamua umbali ni muda ambao miguu imekuwa ikikimbia, wala si namna mtu anavyojisikia asubuhi anapofunga kamba za viatu.

Hapa inafaa kuwataja wanachama wa klabu za jogingi, ambazo katika miji ya Tanzania hukusanya watu wengi alfajiri za mwisho wa wiki, wakiwa na fulana za rangi moja na nyimbo zao. Mtu aliyekimbia na klabu kama hiyo kwa mwaka mzima ana miguu iliyokomaa kuliko anavyodhani, na kujiandikisha kwake kwenye kilomita 5 ni kujipunja. Hata hivyo kikundi husimama, hupumzika na husubiriana, hivyo ajipime kwanza akiwa peke yake kwa kukimbia dakika 40 mfululizo. Akizimaliza bila kuchechemea kesho yake, kilomita 10 zinamfaa. Lakini aliyekimbia mchakamchaka shuleni miaka 15 iliyopita na hajakimbia tangu hapo ajihesabu kuwa mgeni kabisa, maana mwili hauweki akiba ya namna hiyo.

Wiki za maandalizi

Kwa anayeanza kutoka sifuri, kilomita 5 zinahitaji wiki 8 au 9 za mazoezi ya siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza anakimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, akirudia mara nane hadi kumi. Wiki zinavyosonga muda wa kukimbia unaongezeka na wa kutembea unapungua, hadi wiki za mwisho anapokimbia dakika 30 bila kukatisha. Kila zoezi halizidi dakika 40 pamoja na kutembea kwa kupasha mwili moto, na hilo linawezekana hata kwa mama anayetakiwa kuwa nyumbani kabla watoto hawajaamka au kwa mfanyakazi anayewahi daladala ya saa 12.

Kilomita 10 ni ahadi ya aina nyingine. Kutoka sifuri ningehesabu wiki 14 hadi 16, na kwa aliyekwisha kufikia nusu saa ya kukimbia mfululizo, wiki 6 hadi 8 zaidi. Kinachoongezeka ni lile zoezi refu la mwisho wa wiki, linaloanzia kilomita 5 na kupanda taratibu hadi 8 au 9, ambalo linamaliza zaidi ya saa moja na kuacha uchovu unaoonekana siku nzima. Jumla ya wiki inapanda kutoka kilomita 12 au 15 hadi kilomita 20 au 25. Anayejua kwamba kazi yake, masomo yake au ulezi wa mtoto mchanga utamnyang'anya wiki moja kati ya tatu ana sababu nzuri ya kuchagua 5, na uchaguzi huo haumpunguzii heshima.

Faida ya kiafya yenyewe haimnyimi mtu wa kilomita 5 kitu kikubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi mazito ya dakika 75 hadi 150 kwa wiki, au ya wastani ya dakika 150 hadi 300, na mazoezi matatu ya nusu saa ya kukimbia yanaingia ndani ya kiwango hicho. Anayetafuta afya tu, basi, hana haja ya kujisukumia 10.

Kwa umbali wowote kati ya hizi mbili, mazoezi karibu yote yafanyike kwa mwendo unaomruhusu mtu kuongea sentensi nzima na mwenzake. Anayekimbia peke yake anaweza kujaribu kuhesabu kwa sauti moja hadi kumi, na ikiwa anakatika njiani, basi anakimbia kasi mno. Kanuni hii ndogo, ambayo wakimbiaji wapya huidharau kwa kuona haya ya kupitwa na waenda kwa miguu, imewasaidia watu kumaliza kuliko kifaa chochote cha mkononi.

Siku yenyewe: mateso mafupi au subira ndefu

Wengi hudhani kwamba kilomita 10 ni kilomita 5 zilizorudiwa, na kwamba kwa hiyo ni ngumu mara mbili. Ukweli ni kwamba kila moja ina ugumu wake. Katika kilomita 5 mtu hukimbia karibu na ukomo wa pumzi yake kwa sababu mwisho uko karibu, hivyo kifua huwaka tangu kilomita ya pili, kichomi hubana, na kosa la kuanza kwa kasi hujilipa mapema, kwa kawaida kilomita ya tatu. Katika kilomita 10 mwendo ni wa chini kidogo, pumzi inatulia, na nusu ya kwanza inaweza kuwa ya raha kabisa. Ugumu huja kilomita ya saba na ya nane, mapaja yanapokuwa mazito na akili inapoanza kutafuta sababu ya kutembea. Mtu mwenye subira, ambaye hapendi kuhema sana lakini anaweza kuvumilia uchovu unaopanda polepole, ataipenda 10. Anayetaka jambo liishe ndani ya nusu saa au dakika 40 ataipenda 5.

Uhusiano wa muda kati ya mbio hizi mbili unaweza kukadiriwa. Wakimbiaji wengi hutumia kanuni ya mhandisi wa Marekani Peter Riegel, ambayo kwa umbali huu inamaanisha kuzidisha muda wa kilomita 5 kwa 2 na kuongeza kidogo zaidi ya asilimia 4. Anayemaliza kilomita 5 kwa dakika 35 atarajie kilomita 10 kwa takriban saa 1 na dakika 13. Hata mabingwa hawaepuki nyongeza hiyo: Beatrice Chebet wa Kenya alikimbia kilomita 5 kwa dakika 13 na sekunde 54 mjini Barcelona tarehe 31 Desemba 2024, na Mkenya mwenzake Agnes Ngetich alikuwa amekimbia kilomita 10 kwa dakika 28 na sekunde 46 mjini Valencia Januari mwaka huohuo, muda unaozidi mara mbili ya ule wa Chebet kwa karibu asilimia 3 na nusu. Anayejiandaa kwa 10 kwa kutumia kasi aliyoizoea katika kilomita 5 anajiwekea deni ambalo litadaiwa kilomita tatu za mwisho.

Joto, mwinuko na saa ya kuanza

Katika pwani jambo hili lina uzito kuliko wanavyokiri waandaaji. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki haraka, na mwili unashindwa kujipoza hata kabla jua halijapanda. Mbio zikianza saa 12:00 asubuhi, mkimbiaji wa kilomita 5 anayetumia dakika 40 anamaliza saa 12:40, wakati kungali na unafuu, ilhali mwenye mwendo uleule katika kilomita 10 yuko barabarani hadi saa 1:20 au zaidi, na lami imeanza kurudisha joto. Kwa mwanzilishi wa pwani dakika 40 hizo za mwisho ni nzito kuliko kilomita zenyewe.

Lakini ratiba isomwe vizuri, kwa kuwa mara nyingi mbio ndefu huruhusiwa kuanza kwanza na kilomita 5 huachwa mwisho. Nimeona ratiba ambazo wakimbiaji wa kilomita 5 walipangiwa kuanza baada ya wa kilomita 10 kwa karibu saa nzima, na hapo ule unafuu wa jua unapotea wote.

Nyanda za juu hubadilisha hesabu kwa njia nyingine. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na Eldoret iko juu zaidi ya mita 2,000, na mtu anayetoka pwani atahisi hewa haimtoshi tangu hatua za kwanza. Kwa kuwa kilomita 5 hukimbiwa karibu na ukomo wa pumzi, mgeni wa nyanda za juu huadhibiwa humo vikali, na katika 10 angalau ana nafasi ya kujirekebisha. Kwa vyovyote apunguze kasi kilomita ya kwanza na asijilinganishe na muda wake wa Kigamboni au Nyali.

Mbio za kujifurahisha si sawa na mbio zenye muda

Kilomita 5 za tukio moja zinaweza kuwa kitu tofauti kabisa na kilomita 5 za tukio jingine. Mara nyingi umbali huu hutangazwa kuwa mbio za kujifurahisha, ambamo familia hutembea, watoto hukimbia kwa vipindi, taasisi hubeba mabango, na hakuna anayepimwa muda. Ni jambo jema, na kwa mtu anayeogopa kuonekana wa mwisho ni mlango mzuri, kwa sababu hakuna wa mwisho. Ila anayetaka kujua amefika wapi baada ya wiki tisa za kuamka alfajiri atasikitika kukuta kilomita ya kwanza yote anakwepa watu wanaotembea wakiwa wameshikana mikono, na mwishoni hakuna matokeo yenye jina lake. Ajiulize kabla ya kulipa ada: je, namba ya kifuani ina chipu ya kupimia muda, na je, njia imepimwa?

Kilomita 10 huwa na uhakika zaidi katika mambo hayo. Njia iliyopimwa kwa utaratibu wa kimataifa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabu maalumu kwenye gurudumu, kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, kisha huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Ndiyo sababu saa ya mkononi inayotumia setilaiti inaweza kusoma kilomita 10.1 au zaidi mwishoni, kwa kuwa mkimbiaji hupinda kona kwa nje na saa yenyewe ina kosa lake, na si haki kuwalaumu waandaaji kwa hilo.

Kuna mtego mmoja ninaotaka kuusema kwa mkazo. Kilimanjaro Marathon ya Moshi, iliyoanza mwaka 2003 na kuvuta wageni wengi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, inajulikana kwa mbio za kilomita 42, 21 na 5. Mtu anayekwenda huko na marafiki na kuikosa 10 katikati hushawishika kurukia 21, hasa akizisikia kilomita 5 zikiitwa za kujifurahisha. Asikubali. Njia ya kilomita 21 ya Moshi hupanda kuelekea mlimani kabla ya kushuka, na si mahali pa kujifunzia. Aliyefanya mazoezi ya 10 na kukuta haipo akimbie 5 kwa bidii yake yote, au atafute mbio za mji mwingine zenye umbali anaoutaka. Nairobi Marathon, kwa mfano, huwa na kilomita 10.

Viatu, mavazi na chakula

Kwa kilomita 5 raba nzuri ya mtumba kutoka Karume au Gikomba inatosha, mradi soli iwe bado inabonyea kwa kidole gumba na haijalika upande mmoja. Kwa kilomita 10 ningejinyima kitu kingine nipate kiatu cha kukimbilia ambacho hakijachoka, chenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Kiatu kipya kisianze kuvaliwa siku ya mbio, kwa umbali wowote.

Nguo ya pamba inayolowa jasho haina madhara makubwa kwa nusu saa, lakini kwa zaidi ya saa moja huchubua makwapa, mapaja na chuchu, hivyo mkimbiaji wa 10 avae kitambaa chepesi kinachokauka na ajipake mafuta mazito sehemu hizo. Wanawake wahakikishe sidiria ya michezo inashika vizuri, na wanaovaa hijabu wachague kitambaa chepesi cha michezo walichokwisha kukikimbilia mazoezini. Chakula hakiwatofautishi sana: umbali wote huu unamalizika kabla akiba ya nguvu ya misuli haijaisha, kwa hiyo kikombe cha uji au ndizi mbili saa 2 kabla ya kuanza zinatosha, na maharage ya usiku yaachwe. Maji njiani ni ya hiari katika 5. Katika 10, hasa pwani, anywe mafunda machache katika kila kituo anachokipita.

Wanaotakiwa kuonana na daktari kwanza

Mwenye presha, kisukari, maumivu ya kifua au historia ya kuzimia asichague umbali wowote kabla ya kupimwa. Mwenye selimundu, na hata anayebeba tu vinasaba vyake bila kuugua, azungumze na daktari, kwa sababu bidii kubwa katika joto na upungufu wa maji inaweza kumdhuru. Aliyetoka kuugua malaria karibuni asifidie mazoezi aliyoyakosa, na kama mbio ni za kilomita 10 na homa imemla wiki mbili kati ya nane, ahamie 5.

Namna ya kuamua

Ningeanza na kalenda, kisha ndipo nitazame hamu. Hesabu wiki zilizobaki hadi siku ya mbio, utoe mbili kwa ajili ya ugonjwa, safari na misiba, kisha utazame zilizosalia. Zikiwa chini ya 8 na hukimbii kabisa, hata 5 itakuwa ya kukimbia na kutembea, na hilo linaruhusiwa. Zikiwa kati ya 8 na 13, na bado hukimbii, ni 5. Zikifika 14 au zaidi una hiari, na hapo uliza swali la pili: je, una asubuhi moja ya mwisho wa wiki ambayo hakuna mtu atakayekudai kwa saa moja na nusu? Jibu likiwa hapana, chagua 5, kwa sababu zoezi refu ndilo linalomjenga mkimbiaji wa 10 na halina mbadala.

Kwa wanaofunga Ramadhani, mwezi huo usihesabiwe kuwa wa kuongeza umbali. Kukimbia taratibu dakika 20 au 30 karibu na magharibi, au baada ya futari kushuka, kunatosha kulinda kilichojengwa.

Na kama tayari umelipia 10, ukafika wiki tatu za mwisho hujavuka kilomita 6 mazoezini, waandikie waandaaji uulize kama wanaruhusu kubadili umbali kabla ya kuchukua namba. Wakikataa, bado unaweza kuimaliza 10 kwa kukimbia dakika 4 na kutembea dakika 1 tangu mwanzo kabisa, kabla hujachoka. Ukisubiri uchovu ndipo uanze kutembea, miguu ikishakaza ni vigumu kuirudisha kwenye mwendo.